Kapu la Viatu

Lynn, Massachusetts, majira ya baridi, 1837

Karatasi niliilaza chini kabisa ya kapu,
juu yake ngozi za viatu, jozi arobaini,
ili Bwana Estes akiniona barabarani
aseme tu: yule Philura, anarudisha kazi.
Chupa ya wino niliifunga ndani ya soksi, kifuani,
usigande.

Mlango wa kwanza, mbwa.
Mlango wa pili, mume. Alisoma mpaka mwisho,
akaikunja karatasi taratibu kama leso,
akasema, mke wangu hana maoni.
Nyuma yake nilimwona mke mwenyewe
amesimama, unga mikononi,
na maoni tele usoni.

Mlango wa tano nilipewa chai isiyo na sukari.
"Sukari ya watumwa haiingii humu," alisema Achsah Purinton.
"Watoto walilia juma zima. Sasa wamezoea."
Akaandika jina lake lote, kwa herufi za darasani,
akaupuliza wino
kama anayepoza uji.

Kura hatuna. Kiti Washington hatuna.
Tumeachiwa haki moja, ya kuomba,
haki ya ombaomba kizingitini;
basi tubishe, tubishe,
mpaka waliolala ndani wachoke kujigeuza.
Mama alikuwa akisema, maharazi mkononi:
ngozi ivute ingali maji.
Ikikauka utang'oa kucha zako mwenyewe.

Jioni nikafika kwa Keziah Tolliver, dobi.
Mvuke ulijaa chumba, mashati ya watu yananing'inia.
Hakuitazama karatasi. Alitoa kiatu kapuni,
akakipima uzito kwa kiganja.
"Cha nani hiki?"
Cha Estes, nikajibu.
"Sijauliza nani analipa. Nimeuliza nani anavaa."

Nilijua. Mtaa mzima tulijua.
Ngozi ngumu, soli nene, hakina kushoto wala kulia;
huenda Savannah kwa makasha,
bwana hununua, mtumwa huvaa.

"Mimi nimevivaa," akasema. "Vilinila visigino.
Ila mshono haukukatika."
Mpaka leo sijui kama alinisifu.

Kisha akafuta mikono, akaomba mistari miwili.
Wa pili wa nani?
"Wa Tamar, dada yangu. Yuko kulekule."
Nikamweleza utaratibu:
mwenye jina ashike kalamu mwenyewe.
Niliyasikia maneno yangu yakitoka, makavu,
kama ya karani.

Keziah aliandika jina lake polepole, akiegemeza mkono,
akaruka mstari mmoja.
Akaupitisha kidole mtupu, mwanzo hadi mwisho.
"Asiandike mtu hapa."

Alhamisi, kwenye duara la kushona,
tuliunganisha karatasi kwa gundi ya unga,
ikawa ndefu kuliko chumba, tukaikunjia ngazini.
Mtu akasema, pameachwa pengo, tumwombe nani ajaze?
Nikasema, pamejaa.
Sikueleza zaidi. Niling'ata uzi.

Machi, habari zikaja: ombi letu limewekwa mezani.
Nikafurahi, mjinga mimi!
Kwetu kinachowekwa mezani huliwa.
Achsah akanieleza: huko Bungeni, mezani
ndiko wanakozika bila kusoma.
Majina mia sita na kumi na moja.
Na mstari.

Sikuacha kushona. Kodi ya nyumba haingoji dhamiri.
Ila kila jozi, kabla ya kuirudisha,
nilikiponda kisigino kwa nyundo, nikakipaka mafuta,
nikakikunja huku na huku hadi kilegee.
Ilinigharimu robo saa, na senti.
Nilipomwambia Keziah, alikuwa anakamua shuka.
"Vizuri," akasema. "Na karatasi mpya umeleta?"

Nilikuwa nayo.

Nikaanzia mlango wa pili.
Safari hii alifungua mke.
Alitazama nyuma yake mara moja,
akajifuta unga kwenye aproni,
akanyoosha mkono.